Paa Jekundu la Paya

Sijawahi kuwaambia kwa nini wakwe zangu kule Paya hunicheka kabla hawajanisalimia, lakini kwa kuwa mke wangu Athieno ameshaanza kukisimulia kisa kwa chumvi, bora niseme mwenyewe.

Mimi hapa Busia najenga vinyumba vya foamu, ile nyeupe inayokuja ndani ya boksi za televisheni, nawauzia watu wanaocheza vita vya mezani kwa vijiaskari vya plastiki (ndiyo, watu wazima, na wanalipa). Baba yake Athieno hakuamini kwamba hiyo ni kazi ya kulisha mke, kwa hiyo siku ya kwenda kujitambulisha nikamchongea nyumba yake mwenyewe, madirisha yote, hadi ule ufa wa ukutani.

Tuko senta ya Paya, mimi na wazee wangu, Athieno akapiga simu kutoka kwao kwamba mzee amepaka bati lake rangi nyekundu. Paa langu lilikuwa la kijivu. Mwenye akili angeliacha. Mimi nikaazima kopo la rangi ya kupuliza kwa fundi wa pikipiki, nikapuliza, nikafunika kwa kitambaa, tukaingia. Na ninajua vizuri kabisa kwamba rangi ile hula foamu, nimewaonya wateja mara ngapi, lakini nilijiambia ile ya kijivu itazuia.

Baba mdogo, msemaji wetu, akasimama mbele ya mashangazi.

"Kijana wetu akijenga, amejenga," akasema.

Wakati huo kitambaa kilikuwa kinashuka. Kilishuka polepole, kwa adabu, shangazi mmoja akakitazama, kisha wote. Mzee akafunua mwenyewe. Kuta zilisimama, paa lilikuwa limeingia sebuleni.

Akanusa, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Na hao watu nanunua hii, najua iko hivi?"

Athieno akainama, nikadhani analia, nami machozi yakanilenga kweli, maana nilikuwa nampoteza kwa sababu ya rangi (kumbe alikuwa anacheka).

Mzee akasema nirudi na nyingine. Nikarudi baada ya mavuno, paa la kijivu, na kabla ya kunipa kiti akaweka kiganja juu yake, akabonyeza hadi nikafumba macho. Likashika. Ndipo akaniita mwanangu.

Ile nzima watoto wetu waliivunja zamani. Iliyoyeyuka bado iko juu ya kabati la vyombo, kila mgeni anaonyeshwa. Na mimi siku hizi nikisikia mtu amepaka bati lake rangi mpya, nampongeza tu.