Buluu kwenye choo cha Mama Mounira

Mimi nauza vipuri vya baiskeli na pikipiki mkabala na nyumba ya wageni ya Mama Mounira, hapa Kasongo, na umbea wa nyumba ile hunifikia ukiwa bado wa moto. Ndiyo maana naweza kuwaeleza habari za Célestine, mama mmoja wa vijiji vya Kabambare, ambaye huu ni mwaka wake wa tatu kufanya kazi pale. Kila asubuhi hubeba bidoni kumi za maji kutoka chemchemi, akazimimina kwenye pipa lililoinuliwa juu ya matofali nyuma ya nyumba. Pipa hilo ndilo linalolisha bafu na choo cha kuvuta. Choo chenyewe ni kimoja tu, na Mama Mounira hukijivunia utadhani amekizaa.

Mwezi uliopita pipa likaanza kukauka kabla ya adhuhuri. Wageni walikuwa wawili tu, wachuuzi wa Salamabila, nao walikosa hata maji ya kutawadha. Mama Mounira akawaka. Mbele yao alimwambia Célestine kwamba analeta bidoni sita na kusema kumi, na kwamba likiendelea kukauka hadi Ijumaa, atafute kazi kwingine. Célestine aliniambia baadaye kwamba kufukuzwa hakukumuuma kama kuitwa mwongo.

Mimi ningetukana. Yeye alianza kuchunguza. Alipapasa chini ya pipa, kukavu. Bafuni hakuna tone. Kisha akaingia chooni, ambako hakuna aliyekuwa ameingia tangu asubuhi, akasikia maji yakichuruzika. Akainua kifuniko cha tangi dogo lililo nyuma ya kiti, akachungulia: boya, mnyororo, na chini kabisa kizibo cha mpira. Akainua boya kwa kidole, maji ya kuingia yakakatika, lakini kwenye bakuli la choo yaliendelea kushuka. Basi yalikuwa yanapita chini ya kizibo.

Alitaka ushahidi wa macho. Kwanza akamimina mawese kwenye tangi. Yakaelea, yakatulia juu, na bakuli likabaki jeupe. Aliponisimulia dukani kwangu nilicheka hadi machozi, nakiri. Hakukasirika, aliniuliza tu ni kitu gani chenye rangi ambacho hakielei. Akatazama kanzu zangu nyeupe kwenye kamba, akajijibu mwenyewe: buluu ya kufulia.

Alhamisi akaitia kwenye tangi, akatuita mimi na Mama Mounira. Tulisimama watatu tukitazama bakuli la choo, jambo ambalo sikuwahi kufikiria kwamba nitalifanya kwa hamu.

“Mama, sikuvuta kitu,” akasema. “Angalia.”

Mstari mwembamba wa buluu ukateremka ukutani mwa bakuli, ukafuatwa na mwingine. Punde maji yote yakawa ya buluu. Mama Mounira akainama, akatazama, akainama tena.

Célestine alifunga bomba, akatoa kizibo. Mpira ulikuwa umekakamaa na ukingo umepinda. Nikampa kipande cha mpira wa ndani wa pikipiki, akakata duara, akalibandika chini ya kizibo kwa gundi yangu ya viraka. Mara ya kwanza maji bado yalipita. Akasugua ukoko uliokuwa kwenye tundu, akarudisha kizibo. Safari hii tulitega masikio na hatukusikia kitu. Nilifurahi kama vile duara lile nililikata mimi.

Mama Mounira alikaa kwenye kizingiti.

“Kumbe kweli ulikuwa unaleta kumi,” akasema.

“Kumi na mbili, Mama. Tangu siku uliniita muongo, niko naongeza mbili.”

Mama Mounira alifunika uso kwa mtandio wake. Kisha akainuka, akaenda kuwaita wale wageni wawili, kwa kuwa mbele yao ndipo alipomwita Célestine mwongo.