Kumuuguza Kuchi Wakati wa Kipupwe

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzo wa miaka ya tisini, nilipewa tenga la kuku nikaambiwa nitoe waliokufa. Tenga ni kikapu kikubwa cha fito, na lile lilikuwa limetoka bara juu ya lori. Nikatia mkono, na wa kwanza kunidonoa akanitoa damu. Msimamizi wa ghala, mzee wa Kirabai aliyevaa koti hata juani, akasema, "Huyo aliyekudonoa ndiye mzima. Ukimshika akanyamaza, huyo ndiye wa kumtazama."

Hayo ndiyo masomo yangu. Shule niliacha darasa la tatu. Nyinyi mnaosoma haya mmesoma kunishinda, lakini mpeni mwenye digrii kuku aliyevimba gole, tumwone atamshika wapi.

Ghala lilikuwa Shimanzi, hapa Mombasa, kati ya yadi za makontena, malori yakipita kutwa mpaka kuku wakazoea honi. Kazi yangu ilikuwa kupokea matenga, kuwapa kuku maji na kuwatenga wagonjwa. Nilifundishwa kumsoma kuku. Upanga, ile nyama nyekundu ya kichwani, ukigeuka zambarau, damu haiendi vizuri. Gole, ule mfuko ulio chini ya shingo, likiwa gumu asubuhi, basi chakula cha jana hakijashuka. Kinyesi cha kijani ni kideri, na kideri kikiingia usitafute dawa, tafuta jembe la kuzikia. Na ikija baridi Msimamizi alikuwa na sheria moja. "Anayetetemeka mtie katikati ya wenziwe," alisema. "Joto la kuku ni kuku." Sheria hiyo niliishika kama dua ya kulalia.

Kideri kilipolimaliza lile ghala nilikwenda Feri, kwenye banda la mama mmoja aliyeuzia hoteli kuku walionyonyolewa. Miaka miwili ya maji ya moto, vidole vikanikunjamana kama vya mtu aliyeshinda baharini. Mwenye banda alikuwa na neno moja tu, "Haraka." Hapo sina la kusimulia.

Yule Msimamizi ndiye aliyenitafuta. Bi Mkubwa mmoja wa Mji wa Kale, mjane, alitaka mtu wa kuku, na kuku wenyewe walikuwa kuchi. Asiyemjua kuchi afikirie jogoo aliyesimama wima kama askari wa lango, shingo ndefu, manyoya haba, macho yamezama ndani. Marehemu mumewe aliwafuga juu ya dari la nyumba, na watu walikuja kutoka Lamu kuomba mayai. Alipofariki aliacha mitetea, kijogoo mmoja, na jogoo mkuu aliyemwita Karani, kwa sababu alitembea kama mtu aliyekucheleweshea faili lako na hajali.

Bi Mkubwa alinisalimu salamu za watu wa kale, akaulizia wazee, watoto, afya, na nyumbani tena. Kisha akasema, "Nyumba hii ina kazi moja. Karani asife mikononi mwako. Mengine yote ni kufagia." Akanipa chumba cha chini, mimi na binti zangu wawili. Tangu nifiwe na mume wangu, hicho kilikuwa chumba chetu cha kwanza chenye mlango wa kufunga.

Watu wa bara hucheka wakisikia Mombasa kuna baridi. Waje wasimame juu ya dari la Mji wa Kale mwezi wa saba, wakati wa kipupwe, manyunyu yanaingia kwa ubavu na upepo wa kusi haukatiki. Mwaka wangu wa pili pale, asubuhi moja, nilimkuta yule kijogoo amelowa, anatetemeka. Nikamkumbuka Msimamizi. Nikamchukua nikamtia kizimbani kwa Karani wapashane joto, nikashuka kuwapikia uji.

Mnaofuga kuchi mmeshajua. Kuku wa tenga husongamana. Kuchi wawili wa kiume humalizana. Nilipopanda na sufuria, Karani alikuwa amelala ubavu, paja limetobolewa, mguu umelegea, na ukuta umetapakaa damu. Kijogoo amesimama juu ya debe anawika. Nilimrudisha kwake mbio, nikauosha ukuta. Nikasikia ndara za Bi Mkubwa ngazini.

"Kafanywa nini?" akauliza.

Nikawafikiria binti zangu kule chini. Nikasema ni paka, paka wa Maalim, jirani yetu.

Bi Mkubwa akachutama, akafunua bawa la Karani, akalitazama jeraha kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akasema, "Haya, muuguze. Ukiona anakata roho niite achinjwe, asife kibudu." Kibudu ni mnyama aliyekufa bila kisu, hata masikini humpi.

Nilimshusha Karani jikoni. Nawaeleza nilivyofanya, atakayehitaji achukue. Jeraha nililiosha kwa maji vuguvugu ya chumvi, nikatia manjano yaliyokorogwa kwa mafuta ya nazi. Mguu nikaufunga kwa chelewa, vile vijiti vya ukuti, nikazungushia kitambaa bila kukaza, maana mguu wa kuku ukikazwa huoza. Kitandani mwake niliweka makumbi ya nazi na gunia kavu juu yake. Kando nikaweka jiko la makaa yaliyofunikwa jivu, kwa sababu kuku mwenye jeraha, baridi humwua kabla ya jeraha. Nilimlisha uji wa mtama kwa kidole, kidogo kidogo, kila mara nikipapasa gole nione umeshuka. Kila baada ya saa chache nikamgeuza, asilalie upande mmoja akapata vidonda. Siku za kwanza aliniachia kichwa mkononi, hakudonoa. Nikaogopa.

Siku ya tatu alikuja Maalim mwenyewe, mtu mpole aliyefundisha Kuruani watoto wa nusu ya mtaa. Ameshika chupa ya asali. Akaniomba radhi kwa niaba ya paka wake. Akasema asali ipakwe jerahani, na paka ameshamfunga kamba, hatatoka tena.

Nikaipokea ile asali. Mungu anisamehe, nikaipokea na nikaipaka.

Paka yule alilia. Ukuta wetu na wa Maalim ulikuwa mmoja, basi nikikoroga uji namsikia, nikifunga mguu namsikia. Nilichoka mwili, ndiyo, lakini ule mlio ulinichosha zaidi.

Karani alisimama wiki ya tano. Alinidonoa siku hiyo, nikafurahi kama mjinga. Lakini mguu ulibaki mzito, na jogoo asiyeweza kukaza mguu hawezi kupanda mitetea. Bi Mkubwa alimtazama akichechemea uani, akasema hitima ya mumewe, kile kisomo cha kumwombea, imekaribia, Maalim aje amchinje. "Karani ameshamaliza kazi," alisema. "Na awe mchuzi wa mwenyewe aliyemlea."

Akageuka kwenda. Nikamshika mtandio.

"Bi Mkubwa, si paka. Ni mimi. Nalimtia kijogoo kwake kwa ajili ya baridi."

Hakushtuka. "Paka hana kipi," akasema. Kipi ni ule mwiba ulio nyuma ya mguu wa jogoo. "Paka hurarua. Lile lalikuwa tundu la duara. Marehemu alinionyesha kama hayo mara ngapi. Nalijua siku ile ile."

"Na hukunambia?"

"La kusema lalikuwa lako, si langu. Nimekungoja wiki tano nzima, na paka wa watu umemfungisha."

Akanituma kwa Maalim kwanza. Nilimweleza mlangoni, kichwa chini. Akaenda kumfungua paka, na paka akaruka dirishani asirudi siku mbili. Maalim akasema, "Basi nirudishie asali yangu," na sikujua kama nicheke.

Niliporudi, Bi Mkubwa alikuwa amekaa na Karani miguuni. "Hachinjwi," akasema. "Ni wako. Asubuhi utampandisha dari apate jua, jioni utamshusha, mpaka siku yake ifike." Sijui mpaka leo kama ile ilikuwa zawadi au adhabu. Nilimbeba miaka minne kwenye ngazi zile za mbao, jogoo mzito kama mtoto wa mwaka, na magoti haya yanayoniuma ni ya ngazi hizo.

Bi Mkubwa alipofariki, nyumba iliuzwa, nami nikastaafu. Hakuna aliyeniandikia barua ya kustaafu. Sasa nakaa Majengo kwa binti yangu mkubwa. Wanawake wa mtaa huniletea kuku wao wagonjwa, na wengi nimewaponya, sisemi uongo. Kabla ya kumgusa kuku humwuliza mwenyewe amefanya nini. Wote husema paka. Basi humpokea kuku, nikamfunua bawa, nikamketisha mama wa watu kando yangu. Siku hizi nachoka upesi. Lakini kungoja naweza.