Mtani Niliyemzamisha Kwenye Kitabu cha Pili

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Ni siku niliyomuua Mzee Salumu, mtani wangu, mchana kweupe, barazani kwa shangazi yangu pale Mtawanya, huku watu wanamenya mihogo. Usishtuke. Nilimuua kwenye kitabu. Lakini ngoja usikie kilichofuata, maana jana nilikusikia ukimwambia mwenzio, "Huyu mhusika kanichosha, kesho namuua nipumzike," mkacheka nyote wawili. Mie sikucheka. Ndiyo sababu nimekuita hapa, na hiyo simu iweke pembeni kidogo, haina miguu.

Wewe unaandika simulizi zako za mfululizo, sehemu moja leo, nyingine kesho, na watu wanakudai inayofuata kabla hujanywa chai. Mie niliandika vitabu. Nilikuwa msichana nimemaliza sekondari, baba yangu keshatangulia mbele ya haki, nikawa naishi kwa dada yake, shangazi Mwajabu. Alfajiri kalamu, kisha shamba, alasiri barazani. Mchapishaji mmoja wa Dar akakipenda kitabu changu cha kwanza, akataka viwe vitatu, watu wale wale, kisa kinaendelea. Nikaona nimefika. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza.

Ndani ya kitabu kile nilimtia Mzee Salumu kama alivyo, na jina lake. Alikuwa mfanyabiashara wa mchele, anakwenda kwa boti mpaka Maparoni huko delta kununua, anarudi kuuza Kibiti. Mtu mrefu, mdomo haumkai. Ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu, na unaujua utani wa huku kwetu: akikukuta msibani anakuuliza mbona hujafa wewe, akikukuta unakula anakuvutia sahani. Hununi. Unamrudishia. Basi nikasema, huyu ni mtani, nimwombe ruhusa ya nini? Na kweli hakununa. Kitabu kilipotoka alikuwa anakitia kwapani sokoni Kibiti, anawaambia wateja, "Mnapimiwa mchele na mtu wa kitabuni, msinipandishie sauti."

Kitabu cha pili, mwanangu, kilinitoa jasho. Kuna siku maneno yanakuja mbio mpaka mkono unauma, nikiinuka pale najiona malkia. Kesho yake nayasoma yale yale naona upuuzi mtupu, nachana. Siku nyingine nakaa tu, naangalia kuku wanavyochakura. Shangazi akipita ananiuliza, "Vipi, leo imekuja?" kwa upole ule wanaoulizwa nao wagonjwa. Nikimjibu haijaja, ananisogezea kikombe cha uji, hasemi kitu. Nilikuwa nachukia ule uji, maana nilijua ni wa kunihurumia.

Na aliyekuwa ananisumbua ni yeye Salumu. Kila mlango niliofungua kitabuni, yeye keshaingia. Niandike mapenzi ya vijana, Salumu katia neno. Niandike ugomvi wa mipaka ya shamba, Salumu ndiye msuluhishi. Halafu alasiri nilikuwa na desturi ya kuwasomea waliokuja kumenya mihogo barazani, nione wanapocheka na wanapopiga miayo. Salumu mwenyewe anakuja, anakaa mbele kabisa, anauliza, "Haya, leo nimefanya nini?" Huku mchapishaji anapiga simu dukani kwa jirani, anakitaka kitabu. Nikakosa raha kabisa. Asubuhi moja, kwa hasira tu wala si kwa kufikiri, nikampandisha Salumu wa kitabuni kwenye boti ya Maparoni, nikaipindua, nikamzamisha. Lo! Kalamu iliruka siku hiyo. Sikuwa nimeandika vizuri namna ile kwa muda mrefu.

Alasiri nikawasomea. Visu vikasimama. Nilipofika pale maji yanapomfunika kichwa, nikafunga daftari. Mzee Salumu akaanza kutikisika kwa kicheko, akainuka, akaninyooshea kidole, akafungua mdomo anirudishie. Mie nikamwahi.

"Nyamaza wewe! Maiti haongei."

Watu wakaangua kicheko. Salumu akabaki kidole kiko juu. Akakishusha taratibu, akaokota kofia yake, akasema kesho ana safari ya mchele, akaondoka. Nikajiona mjanja wa wajanja.

Akasafiri kweli. Kesho yake akapita Nyamisati, akapanda boti. Mchana ukavuma upepo na mvua ile inayong'oa mabati. Siku aliyotakiwa kurudi, hakurudi. Iliyofuata, kimya. Simu yake ukipiga haipatikani, na wakati ule huko delta mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Waliotoka Nyamisati wakasema kuna boti moja ya wafanyabiashara haijaonekana popote.

Mwanangu, usiombe ukaona watu wanavyoweza kukupisha njia. Nikienda kuchota maji, wanawake waliokuwa wanacheka wananyamaza. Mama mmoja muuza vitumbua alinikatalia kuniuzia, akafunika beseni lake: "Nenda zako, usije ukaniandika na mimi." Nikacheka nikidhani anatania. Hakuwa anatania hata kidogo.

Kisha akaja Bi Tatu, mkewe Salumu. Hakupiga hodi. Shikamoo yangu hakuiitikia. Alikaa kwenye kizingiti, kanga kaifunga kiunoni, macho mekundu.

"Zaina, mtoe."

"Nimtoe wapi, Bi Tatu?"

"Huko majini ulikomtia. Si una kalamu? Mtoe."

Nikajifanya mtulivu. Nikamwambia, "Bi Tatu, hii ni hadithi tu. Nikifuta, karatasi haimrudishi mtu." Jambo jingine nililimeza. Sura ile ya kuzama ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo, nilikuwa nimeshaahidi kuituma Dar, na sikutaka kuigusa. Niliipenda ile sura kuliko nilivyomwonea huruma yule mama. Nikikumbuka natamani ardhi inimeze. Hakubishana nami. Alikaa pale mpaka jua likazunguka nyumba, akajikung'uta, akaenda zake.

Shangazi alikuwa amesikia yote. Akaja akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Nani kakwambia Tatu mjinga? Anajua karatasi haizamishi boti. Mtu roho iko juu, kaja umshike mkono, wewe umeshika daftari."

"Shangazi, ulikuwa utani. Mbona yeye hunitania mie?"

"Utani!" Akanitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake. "Utani ni midomo miwili, Zaina. Unamtupia, anakutupia. Wewe umemtupia, halafu ukamziba mdomo mbele za watu. Mwenzio kaondoka hapa na jibu lake kifuani. Hapo umetania au umetukana?"

Nikachukua karatasi, nikajaribu kumtoa majini. Namvuta, haji. Namletea mvuvi wa kumwokoa, naona uongo mtupu. Namwogelesha mpaka mikokoni, nasikia aibu. Nje watu wanapita kwenda kwa Bi Tatu, wanawake wamejitanda, kama vile msiba umeshatangazwa. Kila mlio wa pikipiki natoka mlangoni. Naomba Mungu, naandika, nafuta, naomba tena. Nilikuwa naogopa mwanangu, acha tu. Nilikuwa naogopa kwamba mtu yule atakufa kweli, na neno la mwisho alilolisikia kwangu litakuwa nyamaza.

Wakaja naye kwa bodaboda, mchana. Mashine ya boti ilizimika, maji yakawasukuma mpaka ndani kwenye mikoko, wakajihifadhi kambi ya wavuvi, wanakula samaki bila chumvi, mpaka wakapata boti ya kuwavuta. Kakonda, nguo zimeganda tope, lakini mzima. Vigelegele, we! Nikakimbia miguu mitupu, nikawapangua watu, nikasimama mbele yake, nikapaza sauti vile vile tulivyozoeana: "Kumbe hata mamba wamekukataa! Nyama gani hiyo?"

Watu wakatulia wasikie jibu. Salumu akavua kofia. Akasema kwa sauti ya chini, "Ahsante, dada Zaina. Tunamshukuru Mungu. Hamjambo nyumbani?"

Akaingia ndani.

Labda wewe uliyekulia mjini hulijui jambo hili. Mtani akikutukana, mko pamoja. Akikusalimia kwa adabu, kakufungia mlango. Nililia njia nzima, shangazi akatoka mbio akidhani mtu kafa. Na ikawa ndiyo hivyo kila tukikutana: habari, hamjambo, kwaheri. Barazani hakukanyaga tena. Na kitabu nacho kikagoma. Nikishika kalamu, hakuna mtu hata mmoja anayesema ndani ya kitabu kile, wote wamenuna. Hata waliokuja kumenya mihogo wakawa wanamenya upesi upesi waondoke.

Nikamwambia shangazi nakwenda kumwomba radhi.

"Ukienda na adabu zako ndiyo mtaagana moja kwa moja," akasema. "Nenda kama mtani. Kampe zamu yake."

Nikaenda. Salumu aliponiona akanitolea kiti. Mtani ananitolea kiti! Sikukikalia. Nikakaa chini kwenye mkeka, nikafungua daftari, nikaisoma ile sura tangu boti inapoondoka. Bi Tatu alikuwa anapepeta mchele, akauacha. Nikausoma upepo, nikasoma boti inavyopinduka, na nilipofika maji yamemfika kifuani, nikakoma.

"Hapa ndipo nilipokuziba mdomo," nikamwambia. "Zamu yako. Sema wewe, mie naandika. Na ukitaka nizame mimi, nazama."

Akautazama ungo wa mkewe, akaitazama barabara. Nikasema moyoni, basi tena, nimeshampoteza. Nikaanza kukusanya vitu vyangu. Akakohoa.

"Andika," akasema. "Andika: Maji gani haya yananuka hivi? Bila shaka juzi ameoga humu ukoo mzima wa kina Zaina."

Bi Tatu alicheka mpaka ungo ukamponyoka, mchele chini. Mie naandika, machozi yananidondokea kwenye karatasi, wino unatapakaa, naye Salumu ndiyo kwanza kafunguka.

"Andika vizuri wewe, miguu kama miiko ya ugali! Unajua kule mikokoni kilichoniuma nini? Wenzangu walikuwa wanalilia chakula. Mie nilikuwa nasema, Mola wangu, nina jibu tamu kwa huyu binti, na nitakufa sijampa."

Kisha akageuza uso, akajifanya anatafuta kofia yake, na ilikuwa kichwani.

Kitabu cha pili kilitoka na maneno yake yale yale, sikubadilisha hata moja. Hakufa humo. Cha tatu nilikiandika kwa tabu zile zile, siku ya kucheka na siku ya kuchana, ila sikuwa tena na mtu wa kumziba mdomo.

Basi sikiliza, mwanangu, nisije nikakuchosha. Siku za kalamu kugoma zitakuja, na haziishi hata uandike mpaka uote mvi. Kaa nazo. Kunywa uji. Usizitibu kwa kuua mtu. Huyo mhusika anayekukera, anayeingia kila mahali bila kualikwa, muulize anataka kusema nini kabla hujamzika, maana mara nyingi ndiye anayejua kisa kinakwenda wapi. Na ukimchukua mtu wa kweli, jirani yako, shoga yako, mtani wako, ukamtia kwenye simulizi, mpelekee yeye kwanza, umsomee, umwache akujibu, hata jibu likiwa la kukuvua nguo. Na siku mtu atakapokaa mlangoni kwako analia, weka kalamu chini. Usimweleze kwamba ni hadithi tu. Sura nzuri utaandika nyingine, na ikigoma, basi igome.

Mungu akupe afya na mkono mwepesi. Akupe wasomaji wa kukungoja bila kukusumbua. Na akujaalie watu wa kukutukana usoni, wewe uwe na masikio ya kuwasikiliza mpaka wamalize. Amina.