Alitaka, Hakujaribu

Saa tatu kasorobo asubuhi, Naserian Katoo amechuchumaa kwenye veranda ya korti mjini Kajiado, akimweleza mzee mmoja kwa Kimaasai maana ya kukana mashtaka.

"Usiniambie kama ulifanya," anamwonya. "Mimi ni mkalimani tu. Sio wakili."

Ameifanya kazi hii tangu 1999. Mapema 2001, nusura imponyoke.

Mshtakiwa siku hiyo alikuwa Emmanuel, mfugaji wa Bisil. Ukame ulikuwa umemuulia ng'ombe thelathini na sita kati ya arobaini. Alidandia lori hadi Kitengela, kamba mkononi, akaketi mchana kutwa ng'ambo ya barabara akimtazama fahali wa wenyewe. Hakuvuka. Watu wakamshuku, wakamkamata, akashtakiwa kwa kujaribu kuiba.

Kizimbani hakuficha kitu. Naserian akatafsiri: "Anasema alijaribu kumchukua." Hakimu akaandika.

"Niligundua kosa langu papo hapo," anakumbuka. "Huyo mtu alisema alitaka. Mimi ndio nilisema alijaribu."

Wakati huo alikuwa kibarua, mama wa watoto watatu. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Akainua mkono.

"Mheshimiwa, nimekosea. Amesema alitaka, lakini roho ikakataa, hakuvuka barabara."

Kiongozi wa mashtaka akaruka juu. "Mkalimani anamtetea mshtakiwa!"

Hakimu akaagiza Emmanuel arudie maneno yake polepole, mbele ya mkalimani wa pili. Yakawa yale yale: alitaka.

Wiki mbili baadaye uamuzi ukasomwa. Nia mbaya ilikuwapo, hakimu alisema, lakini nia peke yake si kosa. Lazima mtu awe ameanza kuitekeleza kwa kitendo. Kubeba kamba na kuketi kutazama kulikuwa kujiandaa tu. "Angeanza kufungua lango la boma," aliongeza, "hata kama angebadili mawazo papo hapo, ningemtia hatiani."

Emmanuel, ambaye sasa anauza mbuzi sokoni Bisil, hajasahau. "Huyo mama angenyamaza, ningefungwa kwa kitu nilikataa kufanya."

Naserian alipewa onyo la maandishi kwa kosa lile la tafsiri. Mwaka uliofuata akaajiriwa rasmi.

Siku hizi anaandika daftari la maneno ya sheria kwa Kimaasai. "Kujaribu" peke yake limekula kurasa mbili. Kuanzia Januari atawafundisha wakalimani wanne, kila Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa mjini Kitengela.

"Kabla nistaafu," anasema, "nataka mtu asimame pale, aongee Kimaa chake, na hakimu aandike kile amesema."