Kijani cha Chumba cha Mama

Mama alipoanza kusahau sufuria motoni, ndugu zangu wa Kibugu waliamua aje akae nami Ruiri. Walisema mimi ni mwalimu, nina likizo. Sikubishana nao. Nilikuwa nimechoka hata kabla hajafika.

Chumba pekee nilichoweza kumpa kilikuwa stoo ya mahindi. Nilihamisha magunia, nikaziba nyufa, nikapiga msasa. Mume wangu hufanya kazi mbali na hurudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo nilipaka rangi peke yangu. Dukani nilichagua kijani hafifu, kama jani changa la chai, nikidhani mtu aliyezeekea kwenye michai ya Kibugu angefurahi kuamka akiliona. Mkono wa kwanza wa rangi ukuta uliunywa wote. Wa pili, upepo uliingia dirishani na vumbi la Ruiri likaganda kwenye rangi mbichi, nikalazimika kupiga msasa tena na kurudia. Siku ya nne sikuweza kuinua mkono kuchana nywele.

Kaka yangu alimleta Mama Jumamosi. Alifika mlangoni pa chumba akasimama, akaniuliza kwa Kiembu, "Nani mgonjwa humu?"

Nilimwambia hakuna mgonjwa, ni chumba chake.

"Hii ni wodi," akasema. "Baba yenu alilala kati ya kuta za rangi hii mpaka wakamfunika shuka."

Sikujua. Wakati huo nilikuwa chuoni, kwenye mitihani, na nilirudi siku ya mazishi. Kaka yangu, ambaye alijua, alitazama viatu vyake.

Mama alilala kwenye kochi sebuleni wiki mbili, na mimi nikawa nasahihisha madaftari jikoni ili nisimsumbue. Jioni moja, mgongo ukiniuma, nilimwambia wazi kwamba sina nguvu ya kupaka tena.

"Sikukuomba upake," akanijibu taratibu. "Nilikuambia tu nilichokiona."

Jumamosi iliyofuata nilinunua rangi ya maziwa. Nilipokuwa naikoroga, Mama aliingia na kigoda chake akaomba brashi. Alipaka akiwa ameketi, akisogeza kigoda kidogo kidogo, nami nikifuata kwa rola nyuma yake. Ndipo akanisimulia. Asubuhi ile ya mwisho hospitalini Baba alitamani uji wa wimbi. Mama akatoka kwenda kuutafuta, akachelewa kwenye foleni, na aliporudi kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya. Uji alimpa mzee wa kitanda cha jirani. Miaka yote hiyo hakuwa amemwambia yeyote kati yetu. Nilichovya rola, nikaendelea kupaka.

Tulipofika usawa wa kichwa changu, mabega yalikataa. Nilimwambia nitamalizia juu kesho.

"Acha," akasema. "Mimi hulala kwa ubavu, sitazami juu."

Usiku huo alilala chumbani mwake, na hajarudi kwenye kochi tangu hapo. Siku hizi kuna asubuhi ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki, nami naitika. Mume wangu kila akirudi huuliza kwa nini ukuta una rangi mbili. Namwambia nitamalizia likizo ijayo, kisha naenda kumwogesha Mama.