Mende wa Daktari

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, alikuwa akipulizia dawa ya wadudu. Mtaani walimbandika jina la Daktari wa Mende, naye akalipokea kama cheo. Kila mteja, Daktari alimtajia kwanza ukoo wetu, ndipo aulize mende wako wapi. Hata kazi ya shuleni aliipata hivyo, maana mume wangu aliwahi kuwa mwalimu mkuu pale.

Kilichomponza Daktari ni ubahili. Dawa aliizimua kwa maji mpaka ikafaa kusukutulia. Mende wanyonge walikufa, akawafagia kwa mbwembwe. Wale wenye roho ngumu walilewa kidogo, wakaamka, wakazaa watoto wenye roho ngumu kama wao. Muhula baada ya muhula, jiko la shule likajaa kizazi ambacho kikiona pampu kinasogea pembeni kwa adabu, kimpishe bwana mkubwa afanye kazi yake.

Mwalimu mkuu wa sasa, ambaye ni mama, akaniita nije nijionee. Mende mmoja alikuwa amekaa juu ya mdomo wa pampu yenyewe, anachezesha ndevu. Mama yule akaniambia kwa upole kwamba atatafuta mtu mwingine, na kikao cha wazazi itabidi kielezwe sababu. Nikaona ukoo wetu unatajwa mbele ya watu katika sentensi moja na mende.

Shemeji, aliyesimama kando ya pampu yake, akasafisha koo. "Hawa wameshazoea dawa, shemeji. Hata mimi nawashangaa."

"Hakuna aliyezoea," nikamjibu. "Wa kufa walikufa. Ukabakiza manunda, ukawaacha wazaane. Wewe si daktari, shemeji. Wewe ni mfugaji."

Wapishi waliinamia masufuria, mabega yakitikisika.

Nikamwomba mwalimu mkuu atupe likizo moja iliyobaki kabla ya kikao. Shemeji nikampokonya pampu, nikamkabidhi mwiko, saruji na brashi. Aliziba kila ufa, akasugua mifereji akiwa amepiga magoti, akasogeza makabati ambayo hayakuwa yamesogezwa tangu enzi za kaka yake. Mende walipokosa maji na maficho, uhodari wao wa kunywa dawa haukuwafaa kitu.

Kikao kilimshukuru fundi saruji wa ukoo wetu. Siku hizi Daktari anawaambia watu kwamba ujenzi ulikuwa kwenye damu yake tangu utotoni. Sijamsahihisha, wala sitaki mtu mwingine amsahihishe.