Kanga Juu ya Televisheni

Leo nimefungua kabati la bibi, harufu ya udi ikanijia kutoka kwenye kanga zake, nikakaa chini palepale.

Siku zile tulikuwa tunakaa mtaa wa Hamriya. Bibi alipenda filamu za zamani za majambazi, ila wakianza kunywa au kuuana, huvua kanga yake akaifunika televisheni, nami nikabaki na sauti tu. Filamu ya siku ile ilikuwa ya nchi iliyopiga marufuku ulevi, majambazi wakauuza kwa siri kwenye klabu, na pale klabuni kulikuwa na mwimbaji mzuri.

"Kumbe hata kwao haramu!" bibi akacheka. "Na bado wanauana kwa ajili yake. Khasara tupu!"

Mwimbaji yuko katikati ya wimbo, jambazi mmoja akatoa bastola. Kanga ikashuka. Nikasikia mlio, kisha makelele.

"Bibi, kafanywa nini?"

"Kalala tu. Atainuka."

Nikainua pembe ya kanga. Mwimbaji alikuwa chini, watu wanamruka wakikimbia. Filamu ikaisha, hajainuka.

Mama alikuwa anaumwa chumba cha pili, na kila nikimuulizia, bibi alinijibu hivyohivyo.

Nikaenda mbio, nikampandia kitandani, nikamfumbua macho kwa vidole.

"Wee, n'tolee vidole vyako! Nna usingizi."

"Usilale, mama. Niimbie."

Akaniimbia kwa sauti ndogo, mkono wake mgongoni mwangu. Nilijikaza nimlinde asilale. Nikasinzia mimi kwanza.